Malalo ya mbwa mtafunaji: baada ya magodoro manne nimebaini kwamba meno hutafuta upindo

Mleta uzi (Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, naomba niweke hapa jambo ambalo lilinigharimu fedha na usingizi kwa miezi mingi, ili mwenye mbwa wa aina hii asianzie pale nilipoanzia mimi. Nina mbwa dume, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, tunamwita Jasiri. Nilimchukua akiwa na miezi mitatu. Sasa ana mwaka mmoja na miezi saba, na uzito wake ni kilo 34. Katika kipindi hicho ameharibu magodoro manne, mablanketi mawili na zulia la mlangoni, na kila mara nilipomwona analala juu ya saruji tupu moyo uliniuma, nikarudi tena dukani.

Godoro la kwanza lilikuwa la sponji lenye foronya ya jinzi, nililoshonewa na fundi viti wa mtaani, nalo lilidumu siku mbili. La pili nililinunua likiwa na maandishi yanayosema kwamba ni imara kwa mbwa wakubwa. Zipu yake ndiyo iliyotangulia kung'oka. La tatu nililijaza vitambaa chakavu, nikidhani kosa lilikuwa la sponji. La nne nilishonesha kwa turubai la lori, lile zito la plastiki lenye nyuzi ndani, nikaamini kwamba hapo nimemaliza kazi. Jasiri alilimaliza kwa siku tatu. Hilo la nne ndilo lililonifundisha, kwa sababu sikulitupa mara moja kama yale mengine. Nilikaa nalo barazani nikalikagua upande kwa upande, kama fundi anavyokagua nguo iliyorudishwa na mteja.

Sehemu ya katikati, ambako mbwa hulala, haikuwa na hata tundu moja. Kulikuwa na michirizi ya kucha tu. Uharibifu wote ulianzia kwenye kona moja, mahali ambapo fundi alikunja upindo mara mbili na kuacha kijisikio cha turubai kisichozidi upana wa kidole gumba. Kijisikio hicho kilikuwa na vishimo vidogo vilivyojipanga kwa safu, ambavyo ni alama za meno ya mbele, na kutoka hapo mpasuko ulifuata mshono moja kwa moja hadi upande wa pili. Nilipoyatazama mabaki ya lile la pili, ambayo yalikuwa bado stoo, nikakuta habari ni ile ile: alianza kwenye kishikio cha zipu, akaenda na mshono.

Sababu yake inaeleweka mtu akimfunua mbwa kinywa. Mbwa mzima ana meno 42. Yale 12 ya mbele, sita juu na sita chini, ni madogo, na kazi yake ni kubana na kunyofoa. Yale makubwa ya pembeni hupishana kama makali ya mkasi, na ndiyo yanayokata. Sasa mkasi hauwezi kukata kitambaa kwa kuanzia katikati kikiwa kimetandazwa na kukazwa. Lazima upate ukingo wa kuingilia. Mbwa naye hubana kwanza kwa meno ya mbele, huinua, kisha husogeza kile alichokiinua kwenye meno ya pembeni. Usipompa cha kubana, yale meno ya kukata hayapati kazi. Kwa muda wote huo nilikuwa nikitafuta kitambaa kigumu zaidi, wakati nilipaswa kutafuta namna ya kuuficha upindo.

Nikaacha habari ya magodoro, nikachora kitanda. Nilimpima Jasiri akiwa amelala kwa ubavu amejinyoosha, kutoka puani hadi shina la mkia, nikaongeza sentimita 20, nikapata urefu wa sentimita 110. Upana nikauweka 75. Nilikwenda na mchoro huo kwa mafundi wa kuchomelea wa eneo la Gerezani, hapa Dar. Fremu ni ya paipu za mraba za inchi moja na robo, na miguu yake ina kimo cha sentimita 18. Turubai linatoka juu, linaizunguka paipu kwa nje, linaingia uvunguni, kisha linabanwa chini ya paipu kwa chuma bapa chenye bolti kila baada ya sentimita 8. Upindo wote umebaki ndani ya uvungu, umekandamizwa kati ya vyuma viwili. Kabla ya kulifunga, tulilianika turubai juani kwa saa nzima mpaka likalainika, tukalivuta likiwa bado la moto. Lilipopoa lilijikaza kama ngozi ya ngoma.

Kona zilitusumbua kuliko sehemu nyingine zote, kwa kuwa ukikunja turubai kwenye kona lazima utaacha mkunjo, na mkunjo kwa mbwa ni sawa na upindo. Hatimaye fundi alilikata turubai kwa duara pale konani, halafu akatengeneza kofia nne za bati la milimita 2, akazipitisha grenda na tupa mpaka nikapapasa kwa kidole bila kukwaruzwa, akazifunga kwa bolti kutokea chini. Sehemu za chuma zilizopakwa rangi zipo miguuni na uvunguni tu, maana sikutaka mbwa alambe wala kuguguna rangi. Kazi yote, pamoja na turubai, ilinigharimu shilingi 118,000, ambayo ni chini ya jumla ya yale magodoro manne.

Usiku wa tatu Jasiri alikipindua kitanda, miguu ikaelekea juu, na upindo wote ukawa wazi mbele yake. Nilikiwahi asubuhi kabla hajafika mbali. Tangu hapo kimefungwa kwenye sakafu ya banda kwa bolti za zege, na sasa kina miezi saba. Ningependa kusikia kutoka kwa wenzangu walioshughulika na jambo hili kwa njia nyingine, hasa wanaoishi kwenye baridi, kwa sababu kitanda cha turubai kinafaa sana kwa joto la hapa kwetu lakini sijui huko juu wanafanyaje.

Mchangiaji (Tanga)

Ndugu, nakushukuru kwa maelezo haya, kwa sababu umenifumbua macho juu ya jambo lililonishinda. Mimi nilitumia kitanda cha kamba, nikiamini kwamba mafundi wetu wa pwani walishamaliza suala la kitanda imara tangu zamani. Nilisukiwa kwa kamba za usumba kwenye fremu ya mbao za mkungu, kazi safi kabisa. Mbwa wangu jike alianza na kamba moja ya ukingoni, na ilipokatika, zile nyingine zote zikalegea kwa pamoja, kwa kuwa kitanda kizima kimesukwa kwa kamba inayofuatana. Kwa hoja yako naona sasa kwamba kila kamba ni ukingo, na nilikuwa nimemwekea pindo zaidi ya mia moja. Nauliza: je, ningeweka turubai juu ya zile kamba, ingesaidia?

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu, maana kwa uandishi wako nakuona ni mkubwa kwangu. Turubai likiwekwa juu ya kamba bila kukazwa litafanya mikunjo, na mbwa akizunguka na kufukua kabla ya kulala, kama wafanyavyo wote, kucha zitauvuta mkunjo mmoja mpaka uinuke. Fremu yako ya mkungu inafaa sana. Ondoa kamba, zungusha turubai kwenye mbao, libane kwa chini kwa ubao mwembamba wenye skrubu, kisha funika kona. Kazi ni ile ile, na hutahitaji kuchomelea.

Mchangiaji (Morogoro)

Marahaba nyote, na niongezee kama mtu niliyesomea tiba ya wanyama na kuifanya kwa miaka mingi. Mjadala wa kitanda ni mzuri, lakini naomba usomwe pamoja na hili, kwa sababu wengi hufikiri hasara ya godoro lililoraruliwa ni fedha tu. Sponji haimeng'enywi tumboni. Mbwa anayerarua na kutema anafanya uchafu. Mbwa anayerarua na kumeza anaweza kufa. Kinachonitisha zaidi kuliko bonge la sponji ni uzi mrefu au utepe wa kitambaa. Ncha yake moja ikikwama chini ya ulimi au kwenye mlango wa kutokea tumboni, utumbo huendelea kuusukuma ule uliobaki, na kwa kuwa hauendi, utumbo wenyewe hujikunja juu ya uzi kama suruali inavyojikunja juu ya mshipi wa kamba ukivutwa. Uzi ulionyooka namna hiyo unaweza kuukata ukuta wa utumbo sehemu kadhaa kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo, ukikuta godoro limeraruliwa, kusanya vipande uvipange chini uone kama vinatimia. Kama havitimii, mwangalie mbwa kwa siku chache zinazofuata. Akitapika mara kwa mara, akakataa chakula, akajikamua bila kupata choo, akawa anasimama ameinamisha kifua na kuinua makalio kama anayesali, au akaguna ukimgusa tumbo, usingoje kesho. Ukiona uzi umetokeza nyuma, usiuvute hata kidogo. Mpeleke jinsi alivyo. Na naomba sana msimpe mafuta ya kula wala maji ya chumvi ili atapike, kwa sababu nimepokea mbwa walioumizwa na tiba hiyo ya nyumbani kuliko na kile walichokimeza.

Jambo la pili ni umri. Meno ya utotoni, ambayo ni 28, huanza kung'oka mbwa akiwa na miezi mitatu hadi minne, na yale ya kudumu huwa yamekamilika karibu na mwezi wa saba. Kipindi hicho fizi zinawasha, na mtoto wa mbwa hutafuna kwa kuhitaji. Ushauri wangu ni kwamba asinunuliwe kitu cha gharama wakati huo. Lakini kwa mbwa mkubwa mzito msimwache kwenye saruji tupu kwa muda mrefu, kwa kuwa kiwiko hufanya sugu, na pengine huvimba na kujaa maji. Kitanda kilichoinuliwa kama hiki huondoa mgandamizo huo, na hewa inayopita chini hupunguza viroboto, ambao mayai yao hudondoka na kujificha kwenye matandiko.

Mchangiaji (Mwanza)

Mimi namlaza wangu ndani ya tairi la lori lililokatwa nusu, na mwaka wa pili huu hajaliharibu. Naona ni njia rahisi kuliko zote.

Mchangiaji (Morogoro)

Ndugu wa Mwanza, tairi ni gumu, nakubali, lakini ndani ya mdomo wake kuna waya za chuma, na tairi lililokatwa huziacha ncha hizo karibu na uso wa mbwa. Kama wako hatafuni, mwache. Kwa mbwa mtafunaji nisingelipendekeza, maana siku atakapoufikia waya ataumia ufizi, au atameza kipande. Kwa sababu hiyo hiyo jihadharini na nyavu na mabati yenye zinki kama mbwa anayaguguna, kwa kuwa zinki ikimezwa ni sumu kwake.

Mchangiaji (Nakuru, Kenya)

Habari za huko. Sisi wafugaji wa ng'ombe wa maziwa tunatumia magodoro ya ng'ombe, yale mapande mazito ya mpira yanayotandikwa kwenye zizi. Nilikata pande moja likaenea sakafu yote ya kibanda cha mbwa, ukuta kwa ukuta, bila kuacha nafasi ya kupenyeza hata kijiti. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa ajili ya usafi tu, lakini niliposoma maelezo ya upindo nikaelewa ni kwa nini mbwa wangu, ambaye alikuwa amekula kila kitu kingine, ameliacha pande hilo mwaka mzima. Pande la awali, ambalo lilikuwa dogo kuliko sakafu, alilitafuna pembeni kwa wiki moja. Mpira ni ule ule. Linasafishwa kwa maji na ufagio, na linakinga baridi ya saruji vizuri, ingawa siyo laini kama godoro.

Mchangiaji (Mafinga)

Hapa kwetu mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali, na turubai pekee halitoshi, kwa sababu upepo unaopita chini ya kitanda ndio unaomtesa mbwa. Mimi nimeacha kabisa vitambaa. Natumia maranda ya mbao, ambayo hapa yanapatikana kwa wingi kwenye viwanda vya kupasua misonobari. Nimejenga kisanduku cha mbao chenye kizingiti cha sentimita 25, nikajaza maranda, na mbwa anajichimbia humo kama kuku anayetamia. Akitafuna, anatafuna maranda mawili matatu na kuyatema. Angalizo ni moja: hapa kuna viwanda vinavyotia nguzo dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na maranda ya mbao zilizotiwa dawa hayafai kwa mnyama. Uliza kabla ya kubeba, na upepete vumbi, kwa kuwa vumbi humkohoza. Nabadilisha kila baada ya wiki mbili.

Mleta uzi

Nimefurahi sana kupata jibu la baridi kutoka kwa anayeishi ndani yake. Naona pia kwamba kisanduku chako kinampa mbwa kitu ambacho kitanda changu hakimpi, yaani nafasi ya kufukua. Kufukua ni sehemu ya kulala kwake, na pengine ndiyo maana wengi huanza kuharibu saa ya kulala.

Mchangiaji (Minnesota, Marekani)

Nawasalimu kutoka ughaibuni. Huku vitanda vya namna hii vinauzwa, na kampuni ya Kuranda imejijengea jina kwa muundo huo huo alioufikia mleta uzi: kitambaa kinaingizwa ndani ya fremu hivi kwamba ukingo haufikiwi na meno. Ninacho kimoja cha fremu ya alumini, na makazi ya mbwa waliookolewa huku hutumia vingi. Kuviagiza hadi nyumbani sishauri, kwani usafirishaji unaweza kuzidi bei ya kitanda, na fundi wa Gerezani ameshaonyesha kwamba kinatengenezeka. Ningependa tu kusema kwamba neno la matangazo kuwa kitu fulani hakitafuniki lisimzuie mtu kusoma masharti ya dhamana yake.

Niongeze moja kuhusu kinywa chenyewe. Kile kimpira chekundu cha kampuni ya Kong chenye tundu katikati kilibuniwa hapa Marekani katika miaka ya 1970 na Joe Markham, ambaye mbwa wake wa German Shepherd alikuwa akitafuna mawe na kujiharibu meno, mpaka siku alipokamata kipande cha mpira cha gari la Volkswagen akasahau mawe. Nakitaja kwa sababu yule bwana hakumzuia mbwa kutafuna. Alimtafutia kitu kinachostahili kutafunwa. Kwa mbwa wenye taya kali wanatengeneza cheusi, ambacho ni kigumu zaidi.

Mchangiaji (Dodoma)

Naomba kuuliza jambo dogo. Nimeshauriwa kupaka pilipili kwenye godoro. Je, inafaa?

Mleta uzi

Ndugu wa Dodoma, nilijaribu kwenye godoro la tatu na ninajuta. Mbwa alijifuta macho kwa mguu aliokuwa ameukanyagia godoro, akalia usiku kucha, na kesho yake akaendelea kutafuna upande ambao haukupakwa. Tafadhali usifanye.

Sasa niseme kile ambacho sikukiandika mwanzoni, kwa sababu ndugu wa Minnesota amekigusa. Nilipokuwa nangoja fremu, niliacha simu ikirekodi bandani. Jasiri alikaa kimya tangu nilipofunga geti, akasikiliza, akazunguka, na dakika ya 11 akaanza kazi. Hakuwa na hofu. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa mara nyingi huanza mapema zaidi, hukwangua mlango, hudondokwa na udenda, na huyo anahitaji msaada tofauti kabisa. Jasiri alikuwa amechoka kukaa bure. Tulikuwa tunamfungia saa kumi na mbili asubuhi na kumfungulia saa nne usiku, kama nyumba nyingi zenye mbwa wa ulinzi zinavyofanya, na hayo ni masaa 16 ya kutazama ukuta. Nisingeweza kumlaumu hata kama angekula mlango.

Siku hizi natembea naye dakika 40 kabla ya kwenda kazini, na saa sita mchana kijana wetu anamfungulia nusu saa uani. Ninapoondoka ninamwachia kimpira kilichojazwa ugali wa dona uliochanganywa na dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, kikiwa kimeganda kwenye friza usiku mzima. Kinamchukua karibu saa moja kukimaliza. Nilijaribu kuokoa gharama kwa kumpa gunzi la muhindi, na daktari wetu wa mifugo akanikataza kwa ukali.

Mchangiaji (Morogoro)

Alifanya vyema. Gunzi la muhindi na kokwa la embe ni vitu viwili ambavyo nimevitoa kwenye matumbo ya mbwa mara nyingi, hasa msimu wake unapofika. Mifupa iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha. Chagua kitu kikubwa kuliko kinywa chake, kisichomeguka, na kisicho kigumu kuliko jino. Ukibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba na usiache hata alama, basi hicho kinaweza kulivunja jino lake.

Mchangiaji (Tanga)

Nimerudi kutoa taarifa. Nimeifanya kama ulivyoelekeza, kwa fremu yangu ya mkungu. Leo ni siku ya tisa. Kona moja sikuwa na kofia ya bati, nikafunika kwa kipande cha ngozi kilichopigiliwa misumari, na ndiyo aliyoianza. Turubai lenyewe hajaligusa.

Mleta uzi

Ingoe hiyo ngozi leo hii kabla hajameza msumari, mzee wangu. Kama bati ni shida kulipata huko, chukua kipande cha chuma cha pembe, kile cha fremu za madirisha, ukate vipande vinne vya sentimita 10, uvifunge kwa skrubu kutokea chini, vichwa vikiwa vimezama ndani ya mbao. Mwambie fundi apitishe tupa kwenye makali yote, nawe upapase mwenyewe kwa kidole kabla hujamrudishia mbwa kitanda chake.